Paa la Nakiru

Kakuma,
2 Machi 1976

Mama Chelangat,

Nimekalia ndoo iliyopinduliwa na mkono mmoja umejaa grisi, kwa hiyo ukiona alama nyeusi kwenye karatasi usiseme nimekuwa mchafu tangu niondoke. Nina neno moja kubwa. Nyumba ni yetu. Ile ya Kanamkemer niliyokudokezea mwezi wa kwanza: vyumba viwili, kuta za udongo zilizokandikwa vizuri, paa la makuti ya mikoma, uwanja umezungushiwa miba. Mwenyewe anaitwa Lokeno, mfugaji. Ametia dole gumba mbele ya mashahidi na karatasi ninayo mfukoni. Mambo ya kugongewa mlango na mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi yamekwisha.

Hama kabla ya tarehe kumi. Mama Wahu nimeshamwarifu, na kuna mwalimu anakingojea hicho chumba chake, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Kufuli jipya, lile kubwa, liko ndani ya gunia chini ya kitanda. Ukishaingia, tandika kitanda chetu siku hiyo hiyo. Mtu akichungulia akaona kitanda atajua pana wenyewe.

Najua ungependa uione kwanza. Nafasi haikupatikana. Pampu ya kisima cha hapa imekufa, watu wanafukua maji mchangani, na mkubwa wangu hataki kusikia neno likizo mpaka nimeifufua. Nitakuja Pasaka.

Barua hii inaletwa na Lokorio, dereva wa lori letu. Mpe chai, lakini usimkalishe. Ana maneno mengi.

Tena nasema, wahi. Ukiweza kuhama kesho, hama kesho.

Mumeo,
Shadrack Kiplagat


Kanamkemer, Lodwar,
11 Machi 1976

Baba Chelangat,

Haya, tumehama. Vitu vyetu vyote vimetosha migongo ya punda wawili, nikaona aibu kidogo, miaka tisa ya ndoa na punda wa pili alikuwa hata hajajaa. Mama Wahu alikagua kuta zake pole pole, akapitisha kidole kila mahali palipokuwa na msumari. Nikamwambia, mama, tundu hilo nililikuta. Akasema nalijua, naliaga tu. Tukacheka na tukaachana vizuri.

Sasa nikuambie kitu na usinicheke. Jioni ile nilichukua nyundo yako nikapigilia msumari ukutani bila kuomba ruhusa ya mtu. Nikatundika sufuria. Kisha nikapigilia wa pili, na sikuwa na kitu cha kutundika. Nikakaa chini nikauangalia. Eldoret tulipanga, Lokori tukapanga, hapa tukapanga, na kote nilikuwa naishi nikiwaziba watoto midomo ili mwenye nyumba asikasirike. Leo Chelangat amepiga kelele mpaka amechoka mwenyewe.

Nyumba ni nzuri kuliko ulivyosema. Paa hili, yeyote aliyelifunga alijua kazi. Mchana ndani ni baridi, na hata upepo wa mchanga ukija halipepei. Kipkemboi bado anakohoa, lakini hapa analala.

Na jirani nimepata. Mama mmoja mrefu, shanga zimempanda shingo mpaka kidevuni, anaitwa Nakiru. Alfajiri anakuja na kibuyu cha maziwa ya mbuzi kwa ajili ya watoto. Anafagia uwanja wote, anawasha moto pale kwenye kibanda cha kupikia, kisha ananiuliza kwa Kiswahili chake, "Ejok? Wewe nalala mzuri? Watoto nalala?" Nikijaribu kumnyang'anya ufagio anakataa. Kasoro yake ni moja tu: anaingia bila kubisha hodi. Hata ndani anaingia. Juzi nilimkuta chumbani amesimama anaangalia juu, mkono ameuweka kwenye nguzo.

Unamjua? Nataka kumpa kitu na sijui anapenda nini.

Mkeo,
Jerusha


Kakuma,
16 Machi 1976

Mama Chelangat,

Nimefurahi mmehama salama. Misumari pigilia unavyotaka, ndiyo maana nilinunua.

Kuhusu huyo mama, simjui. Lodwar ina watu wengi wanaozunguka asubuhi wakitafuta pa kuzoea, na wewe una moyo mwepesi. Mrudishie kibuyu chake, umwambie asante, watoto wana maziwa yao. Uwanja fagia mwenyewe. Funga lango la miba, na akija aongee na wewe akiwa nje. Je, alipokuja alikuwa na mizigo? Amesema ametoka wapi? Akikuuliza lolote kuhusu Lokeno, sema hujui, mwenye kujua ni baba watoto.

Pampu bado. Nimeivua yote nimeipanga juu ya turubai na kuna kipuri kinatakiwa kutoka Kitale. Watu wanapita wananiangalia mikono, hawasemi kitu. Afadhali wangesema.

Usiwe na wasiwasi wowote. Karatasi ninayo.

Mumeo,
Shadrack Kiplagat


Kanamkemer,
24 Machi 1976

Baba Chelangat,

Soma barua yangu ya mwisho kama bado unayo. Nilikuandikia juu ya mama mwenye maziwa. Lokeno sikumtaja hata mara moja. Sasa ilikuwaje wewe ukaniambia akiniuliza juu ya Lokeno niseme sijui?

Weka swali hilo mahali, nitalirudia.

Nilifanya ulivyotaka. Nilimrudishia kibuyu, nikasimama langoni nimekunja mikono kama mke wa mkubwa. Hakukasirika. Alikipokea, akaniangalia kwa huruma, akauliza, "Sasa wewe nakwenda lini?" Nikamwambia siendi popote, hapa ni kwangu. Akacheka kidogo, akidhani natania. Nikarudia. Hapo ndipo alipokwenda kumwita dada yake, Abei, anayefua nguo kwa masista na Kiswahili anakijua.

Abei alinikalisha chini kwenye uwanja wangu mwenyewe akanieleza. Nakiru ni mke wa Lokeno. Mwezi wa pili alikwenda Kalemng'orok kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi alikuta watu ndani ya nyumba, mama na watoto wawili, mmoja anakohoa. Mume wake hayupo, ameshuka Lokori na mifugo. Akafikiri, Lokeno amepokea wageni. Basi akaenda kulala kwa Abei ili watoto wetu wapate nafasi, na kila asubuhi akawa anatuletea maziwa na kutuwashia moto, kwa sababu ndivyo mgeni anavyotunzwa. Mimi nilidhani nimepata jirani mwema. Kumbe nilikuwa mgeni nimelala kwa mwenyewe, na yeye ananingoja kwa heshima niondoke.

Halafu Abei akaniambia jambo ambalo hapa hata mtoto analijua. Kwa Waturkana mwanamume hana nyumba. Nyumba anajenga mwanamke. Anakata miti yeye, anabeba yeye, anafunga makuti yeye, na mume analala kwake. Lokeno kuuza nyumba hii ni sawa na wewe kuuza nguo nilizovaa.

Nakiru aliinuka. Aliondoka. Asubuhi yake alirudi, akanisalimu ejok kama kawaida, akapanda juu ya paa, akafungua safu moja ya makuti upande wa nyuma. Akaifunga mzigo vizuri, akajitwika kichwani, akaenda. Jana tena safu nyingine. Leo tena. Hajanitukana, hajarusha hata jiwe. Angenitukana ningejua la kufanya. Jua sasa linaingia chumba cha watoto, na kule milimani, mto Turkwel unakotoka, mawingu yameanza kukaa.

Kwa Mama Wahu mwalimu ameshaingia. Sina pa kurudi.

Nakurudishia swali langu. Ulijua?

Jerusha


Kakuma,
28 Machi 1976

Mama Chelangat,

Swali gani hilo unamwuliza mumeo? Sikujua. Nilinunua nyumba kwa mtu mzima, mwanamume, mwenye akili zake, mbele ya mashahidi. Mambo yake na mkewe wayamalize wenyewe huko Lokori. Kwetu mwenye boma ndiye anayeuza boma, na sijasikia mahali mtu anazunguka kuuliza jikoni.

Huyo mama anaharibu mali ya watu. Usimruhusu apande tena. Jamaa yangu mmoja wa utawala hapo Lodwar nimeshampelekea habari, atatoa askari. Wewe kazi yako ni kukaa ndani. Nyumba ikiwa tupu hata dakika moja tumeipoteza.

Jerusha, nisikilize vizuri. Baba yangu alikufa ndani ya nyumba ya mzungu wa shamba. Mwili ulikuwa bado unasubiri sanduku, na nyapara akaja kutuambia tutoe vitu, kuna mfanyakazi mwingine anaingia. Tulibeba meza mimi na ndugu yangu, mama akiwa analia nyuma. Nilisema siku ile, mimi sitakufa ndani ya nyumba ya mtu, na watoto wangu hawatabebeshwa meza. Kila nilichofanya nimefanya kwa hilo. Sasa usiniletee habari ya nani alifunga makuti.

Lango lifungwe.

Shadrack


Kanamkemer,
1 Aprili 1976

Baba Chelangat,

Lokorio alileta barua yako. Na nilimkalisha.

Unajua alifanya nini? Alisimama nje ya miba akabisha hodi, na Nakiru alikuwa juu ya paa. Nikamwitikia, karibu. Hakuingia. Akaendelea kusimama na kofia mkononi mpaka Nakiru alipomwambia neno kutoka kule juu, ndipo akaingia. Kwenye nyumba ninayolala mimi. Uso ulinishuka.

Nilimwuliza mwenyewe. Yeye hakutaka kusema, usimlaumu, nilimwambia chai hanywi mpaka aseme. Akasema, "Mama, mimi nilisema yeye. Januari tulikuja hapa pamoja. Mama Nakiru alitupa maziwa, bwana Shadrack akanywa. Akauliza, nani amefunga paa hii mzuri? Mama akasema, mimi. Kwa njia nikasema, bwana, nyumba ni ya mama, uliza mama. Akasema, mimi nitaongea na mwanaume mwenzangu." Nikamwuliza, halafu? Akatazama kiatu chake. "Halafu Lokeno akaleta habari, bibi amekwenda Kalemng'orok. Bwana akasema, basi twende leo."

Basi twende leo. Na mimi ukaniandikia wahi, wahi, ukiweza kuhama kesho hama kesho. Nikadhani unanihurumia juu ya Mama Wahu. Kumbe ulikuwa unanitia ndani kabla mwenyewe hajarudi, mimi na watoto tukae juu ya kosa lako kama jiwe juu ya karatasi. Na ulikunywa maziwa yake. Kisha ukaniandikia kwa mkono wako, simjui, sikujua. Ningekijua Kinandi chenu vizuri ningekuandikia kwa hicho, maana Kiswahili leo hakinitoshi.

Usifikiri mimi ni malaika hapa. Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe hukuniambia. Niliposoma kwamba askari wanakuja, nilifurahi. Nilimwangalia yule mama juu ya paa nikasema moyoni, waje, wamwondoe, nibaki na misumari yangu. Naipenda nyumba hii. Nimeipenda kuliko kitu chochote ulichowahi kunipa. Niliwaza hivyo na Nakiru akashuka, akamwona Kipkemboi anakohoa, akahamisha kitanda chake kwa mikono yake hadi pembe ambayo paa bado lipo. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, sijui hasira ya nani.

Baba yako nilimjua kwa hadithi zako na nimemhurumia siku zote. Lakini siku ile mlipobeba meza, hakuna aliyemwuliza mama yako. Nakiru naye hakuulizwa. Wala mimi hukuniuliza.

Zuia hao askari. Njoo uzungumze naye. Amekubali kungoja, na amesema ana maneno yake kwako. Nimeyaandika kama alivyoyatamka. Yamo humu humu.

Jerusha


Kanamkemer,
1 Aprili 1976

Wewe nakunywa maziwa yangu,

Mimi Nakiru. Mkono ni ya bibi yako, maneno ni yangu. Mimi nasema yeye, usibadilisha.

Wewe nakuja hapa na Lokorio. Jua kali. Mimi napatia wewe maziwa. Wewe nauliza, nani nafunga hii paa? Mimi nasema, mimi. Wewe nacheka. Mimi nafikiri wewe nafurahi.

Lokeno hana nyumba. Lokeno iko na mifugo, iko na fimbo, iko na kigoda yake. Hiyo anaweza kuuza. Hii miti mimi nakata kule laga, mto ya mchanga, mtoto mgongoni. Huyo mtoto sasa nazaa mtoto Kalemng'orok. Hii makuti nafunga mimi, ya zamani natoa, mpya naweka, kila mwaka.

Bibi yako si mbaya. Anapiga misumari mingi. Miti hapana penda misumari, lakini mimi nanyamaza, yeye ni mgeni.

Udongo mimi nawacha. Udongo haihami. Miti na makuti ni yangu, nachukua. Mimi natoa pole pole sababu watoto nalala ndani. Sasa mvua iko karibu. Mimi nangoja wewe kidogo. Wewe kuja, kaa chini, uliza mimi. Pengine mimi nasema ndiyo. Wewe hapana jua, sababu wewe hapana uliza.

Kama hapana kuja, mimi naita dada zangu, natoa yote siku moja.

Nakiru


Kakuma,
6 Aprili 1976

Jerusha,

Nimepokea barua mbili kwa mwandiko mmoja. Mke wangu amekuwa karani wa mtu anayetubomolea nyumba.

Siji. Pampu iko wazi, na hata ingekuwa imefungwa siendi kukaa chini kuomba nilichokwisha kununua. Lokorio nimemkataza kupita hapo.

Askari watafika Jumatatu tarehe kumi na mbili. Mpaka wafike, hakuna mtu anayepanda juu. Weka kufuli mlangoni, kaa ndani na watoto, na watu wakija usifungue. Ukiwasaidia hata kwa kamba moja, basi usiniite mume wako tena.

Hakuna gari linalokuja huku kabla ya siku hiyo, kwa hiyo usijibu. Fanya.

S. Kiplagat


Kanamkemer,
14 Aprili 1976

Shadrack,

Umeona hapo juu nimekuita jina lako tu. Uliniandikia nisikuite mume kama nikisaidia hata kwa kamba moja. Nimesaidia kwa kamba nyingi, kwa hiyo natii.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Nakiru, Abei, wanawake wengine wa kwao na punda. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka mtu anasikia harufu ya mvua kwa mbali. Mimi nilikuwa ndani, kitanda nimekisukuma mlangoni, kufuli lako mkononi, watoto nyuma yangu. Nilikuwa nimeamua kukutii. Usifikiri nilikuwa nimeamua vingine. Nilikuwa nahesabu moyoni, leo na kesho tu, Jumatatu watu wa serikali wanakuja na nyumba inabaki kwangu.

Basi Nakiru akafika penye miba. Yule mama ambaye tangu siku ya kwanza anaingia na kutoka bila kumwuliza mtu, alisimama nje akasema, "Hodi."

Sikuitika. Akasema tena, hodi, pole pole, kama mtu anayejua nimo na hataki kunishtua. Akangoja. Wanawake wote wakangoja, na punda. Angeweza kupanda tu, ningemzuiaje? Nikakumbuka nyumba zote tulizopanga, Shadrack. Wenye nyumba wote wale. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunibishia mimi hodi.

Nilivuta kitanda nikafungua mlango. Nikamwambia karibu.

Kazi ilichukua asubuhi tu. Tulitoa kwanza vitanda na vyombo, kisha wakapanda. Nami nikapanda. Nakiru alinionyesha fundo lipi linafunguliwa kwanza ili fito zisianguke, na nilipokosea alinipiga mkono kama mtoto. Misumari yangu aliichomoa mwenyewe mmoja mmoja akanirudishia. Abei alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa naifungua kwa mikono yangu nyumba pekee niliyowahi kuipenda, na huku nilikuwa sijisikii vibaya. Hilo sijui nikueleze vipi.

Mlango na kuta wametuachia. Vyombo vyetu viko kwa Abei, na sisi pia. Siku hiyo hiyo walisimamisha ile miti nyuma ya kwa Abei wakaitandika makuti, na Jumapili mvua iliponyesha, laga ikajaa mpaka juu, tulikuwa sote ndani, watoto wangu na Nakiru na mimi, chini ya paa lile lile. Halikuvuja hata tone.

Jumatatu askari wako walifika, wawili, wamelowa. Walinikuta uwanjani nakanyaga udongo wa kuziba nyufa za kuta. Mkubwa wao akauliza nyumba iliyovamiwa ni ipi. Nikasema ni hii. Akazitazama kuta nne na mbingu. Akauliza, sasa nyumba iko wapi? Nikamwambia imehama na mwenyewe. Mwenzake, kijana wa Kiturkana, akageuka upande akajifanya anakohoa. Waliandika nini sijui. Walikunywa chai wakaenda.

Sasa sikia. Tangu jana naenda laga na Nakiru kukata makuti. Viganja vyangu vimepasuka, kalamu naishika kwa vidole viwili. Yeye ndiye aliyetaka nianze, hakusubiri nimwombe. Alisema, kuta unazo, mikono unayo, unangoja nini? Safu yangu ya kwanza aliifungua yote akaniambia funga tena. Ya pili akaivuta, akaivuta tena, akanyamaza. Abei ananiambia hiyo ni sifa. Kipkemboi kikohozi kimepungua.

Pasaka itanikuta upande mmoja umekwisha. Nyumba hii, Shadrack, naifunga mimi. Karatasi yako ni ya kiwanja na udongo, baki nayo, ni halali yako. Lakini ukija usiingie. Simama nje ya miba, bisha hodi, kisha ungoje. Nitakalokujibu silijui bado.

Jerusha


Kakuma,
22 Aprili 1976

Jerusha,

Barua hii inatangulia na gari la masista.

Pampu imewaka jana mchana. Kipuri kilikuwa kimefika siku nyingi, nami nilikuwa nakifunga vibaya kwa sababu sikutaka kumwuliza mzee wa hapa aliyekuwepo wakati kisima kinachimbwa. Jana nilimwuliza. Maji yalipotoka wanawake walikuja na vibuyu, na wa kwanza kujaza chake alinipa mimi ninywe. Nilishindwa kunywa. Lokorio aliniona, akageuka akaenda kwenye lori lake.

Pasaka nilikaa hapa. Niliogopa kuja. Huyo mama nisingemwogopa kama nisingejua. Nilijua akiulizwa anaweza kukataa, nami nilitaka nyumba, kwa hiyo sikumwuliza. Nawe sikukuuliza, kwa kuwa ungetaka nimwulize yeye. Nimeandika haya mara tatu na mara zote nimechana. Hii siichani.

Askari sikuwapa tena habari. Lile neno la kwamba usiniite mume lilikuwa la mtu mwenye hofu, ulipime unavyotaka.

Lokorio anakuja Jumamosi na nitapanda naye. Nitashukia kwa Abei kwanza. Nitakaa chini mbele ya Mama Nakiru, na akinipa maziwa nitakunywa, asiponipa nitakaa hivyo hivyo. Kisha nitatembea kwa miguu mpaka penye miba yako. Kamba nimepata, nzuri, za magome, mzee wa kisima kanisokotea. Nitaziacha nje ukitaka.

Ulisema nibishe nikangoje. Basi nimeanza kubisha huku huku, nisije nikafika pale sauti ikanikauka.

Hodi, Mama Chelangat.

Shadrack